Mwosha Maiti Aliyetamani Kumaliza Kazi

Waliotutangulia wametusimulia kwamba katika mji mmoja wa Yemeni, mwaka wa tauni, alikuwapo mcha Mungu aitwaye Bi Rayhana, aliyewaosha maiti wa kike kwa ajili ya Allah, asipokee ujira. Hakuna aliyempita kwa upole. Hata nywele za maiti alizichana taratibu, kana kwamba wataumia.

Lakini tauni haikumpa nafasi. Kila alipomkafini mmoja, alikuta uani wameshalazwa wengine. Alikula amesimama, alisali masikio yakiwa mlangoni, na usingizi aliuonja tu. Msimlaumu haraka, enyi mnaolala mkaamka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwahi hata jioni moja kusema: alhamdulillahi, nimemaliza.

Aliyewaleta maiti hao ni Dhakwan, mchukuzi wa jeneza, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja alipotua mzigo wake, Bi Rayhana aliitupa chini kata ya kuchotea maji.

"Umeniletea wengine tena?"

"Nitawapeleka wapi, mama?"

"Popote! Kwani mimi nina mikono mingapi? Kesho sitaki kukuona mlangoni kwangu."

Dhakwan aliinamisha kichwa. "Mwenyezi Mungu akupumzishe," akasema, akaenda zake.

Kesho yake hakuja mtu. Bi Rayhana alikula ameketi, akalala mchana kutwa, akamshukuru Mola wake. Siku iliyofuata pia hakuja mtu, na hapo hofu ikamwingia, kwa maana vilio vya mtaani havikuwa vimekoma. Akajitanda ushungi, akaenda nyumbani kwa Dhakwan.

Alimkuta Lubna, mkewe, ameketi kando ya mwili wa mumewe.

"Homa ilimshika siku ile alipotoka kwako," Lubna alisema. "Nilitaka kukuita uje umtazame, akanikataza. Alisema mama amechoka, tusimsumbue."

Bi Rayhana angeweza kunyamaza, kwani hakuna mwingine aliyeyasikia maneno yale. Lakini alimwogopa Mola wake kuliko alivyoiogopa aibu.

"Nilimfukuza, Lubna. Nilimwambia sitaki kumwona. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Lubna hakumlaani, wala hakusema amemsamehe. Akasema, "Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, lakini sijui kuosha. Nifundishe."

Basi Bi Rayhana alisimama nyuma ya pazia, akimwelekeza hatua kwa hatua.

Walipomaliza, hakurudi nyumbani. Maiti walikuwa wamelala ndani ya nyumba za mtaa mzima, hakuna wa kuwabeba. Akabisha mlango wa jirani, akauliza kama wanamhitaji. Akawa hivyo, mlango hadi mlango, hata tauni ilipomfikia naye. Lubna ndiye aliyemwosha.

Enyi ndugu, kazi isiyokwisha inachosha, na kuchoka si dhambi. Ila mtu na amche Mola wake kuhusu yule anayemmwagia uchovu huo, kwani huenda asimkute tena atakapokwenda kumwomba radhi.