Zimwi Lililotaka Kikerewe

Sogeeni, ngano imefika.

Nyabwire alipokwenda mnadani ng'ambo ya ziwa, alimwambia bintiye Bugonzi, "Asiyekuita kwa Kikerewe usimfungulie. Huyo ni zimwi."

Wakati wa kurudi, zimwi la ziwa likaushika mtumbwi wake. "Nipe lugha, mama, nikuachie." Akatoa Kisukuma. Likaushika tena, akatoa Kijita. Mara ya tatu likataka Kikerewe. Akalia, akakitoa, ili amuwahi mwanawe.

"Bugonzi, fungua, ni mama," akaita kwa Kiswahili cha mnadani, ndicho kilichombakia.

"Nenda zako, zimwi! Mama haniiti hivyo."

Kwenye mlango wa uani sauti ikaita kwa Kikerewe kitamu. Bugonzi akacheka, "Mama huyo!" Nyabwire akasikia komeo la uani likifunguliwa.

Ngano yangu imebaki mlangoni, pamoja naye.