Zimwi Lililokaribishwa Magofuni

Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, mwachie mwenzio mkeka, hadithi haikimbii.

Palikuwa na ndugu wawili, Mize na mdogo wake Mwatime. Mama yao alikufa, akazikwa, arobaini ikapita. Mwatime alilia mpaka macho yakavimba. Mize hakulia. Alipika, akafagia, akapokea pole za watu, na moyoni hamkuwa na kitu. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Siku moja Mwatime akasema, "Dada, tutakufa na kuta hizi. Twende kisiwani tukaoge baharini, tukatembee kwenye magofu ya watu wa kale."

"Twende," Mize akasema. Angeambiwa wabaki, angebaki.

Basi wakaenda. Mwatime akaogelea, Mize akamshikia nguo. Mwatime akakimbizana na kaa, Mize akatazama. Wakafika magofuni. Palikuwa na msikiti usio na paa na nyumba za mawe zisizo na milango. Bi Kesi, mwanamke aliyekuwa akipalilia pale, alikuwa ameegemea jembe lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Tembeeni mpendavyo. Lakini mkila, msimkaribishe msiyemwona uso. Humu mna zimwi, na haligusi mlo mpaka lisikie karibu."

Wakaitikia. Wakapanda kuta, wakachungulia vidaka vya ukutani, wakaona vipande vya sahani za kale. Mchana wakaketi kwenye baraza iliyobomoka, wakafungua kikapu cha mkate wa mofa na samaki wa kukaanga.

Nyuma ya ukuta kukasikika nyayo. Tip, tip, tip.

Mize hakugeuka. Mama aliwalea hivyo: ukila na mtu akapita, mkaribishe. Basi ulimi ukasema wenyewe, "Karibu!"

Muungwana angejibu "starehe" akapita zake. Huyu akasema, "Nimekaribia!"

Lilikuwa zimwi, kimo cha mlango, meno kama vigingi. Likala mkate, likala samaki, likala kikapu. Kisha likammeza Mwatime mzima mzima.

"Mwenyeji haliwi na mgeni wake, wewe usiogope," zimwi likamwambia Mize. "Lia tu. Nyama ya mtu haisagiki tumboni mwangu mpaka ndugu yake amlilie."

Mize akatafuta chozi. Hakuliona. Akaketi pale pale.

Siku ya kwanza zimwi likasema, "Lia!"

"Sina chozi."

Tumboni Mwatime akaimba, "Dada Mize, nipo, humu hamna mlango."

Siku ya pili zimwi likasema, "Lia, mwenyeji wangu, tumbo limenijaa!"

"Sina chozi."

Tumboni Mwatime akaimba, sauti imefifia, "Dada Mize, nipo, humu hamna mlango."

Siku ya tatu zimwi likasema, "Lia, nakuomba!"

"Sina chozi."

Tumboni kimya.

Mize akakisikiliza kile kimya. Akainuka, akamwendea Bi Kesi, akarudi na jembe.

"Umedai heshima ya mgeni, nimekupa," akasema. "Sasa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shika, ulime."

Zimwi likaguna, lakini lilikula kwa ada ya ugeni, na ada hiyo ilikuwa imelishika. Likainama na tumbo lake zito. Likapiga jembe la kwanza, likakoroma. Likapiga la pili, likacheua. Likapiga la tatu, likamtapika Mwatime kwenye nyasi, ameloa, anapumua. Kisha likatupa jembe, likatokomea vichakani bila kuaga. Mgeni mvivu ndivyo aondokavyo.

Mwatime akafuta uso. "Dada, ulinililia?"

"Sikukulilia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ningelia, ungekuwa nyama."

Mwatime akamshika mkono. Mize akauona mkono umeshikwa, asiusikie. Wakarudi kwao hivyo.

Wakafika mlangoni. Mize akapiga hodi, kama walivyozoea kila watokapo safari.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Mahali hapo ndipo mama angesema, "Karibuni wanangu, mmechelewa."

"Hodi!" Mize akasema mara ya tatu, na sauti ikamkatika.

Mwatime akampita, akaingia ndani, akasimama pale aliposimama mama. Akasema, "Karibu, dada."

Ndipo Mize akaanguka kizingitini, akalia. Akamlilia mama, akamlilia Mwatime, akalia mpaka jua likachwa, na zimwi lilikuwa mbali, halikusikia hata chozi moja.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Nanyi shikeni hili: mtazameni mtu usoni kabla ya kumkaribisha, na asiyelia msibani msimseme. Chozi lake lina siku yake.