Mtamba wa Kwemshai

Sikilizeni kisa hiki, kisha mnisaidie, maana mimi kimenishinda.

Katika kijiji cha Kwemshai, kwenye miteremko ya Usambara, walikuwepo watu watatu. Bi Zaina, mkulima wa maharage, hakujua kusoma, lakini akilishika neno halimponyoki. Mwalimu Kaoneka alijua kulainisha jambo gumu hata mtoto akalielewa. Na Mwajabu, binti wa darasa la sita, alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu.

Mwaka mmoja shamba la Bi Zaina lilisombwa na mvua isiyofanana na mvua za zamani. Akasikia kwamba kitabu cha sayansi kina mada ya mabadiliko ya tabianchi, ila shuleni hurukwa kwa kuwa haitoki kwenye mtihani. Akaenda mkutano wa wazazi.

"Mtoto afundishwe mvua inayomnyeshea," akasema.

Wakamcheka. Akarudi mkutano wa pili, na wa tatu, hadi ikapitishwa: mada hiyo ni lazima.

Mwalimu Kaoneka hakuwa na vifaa. Akakata chupa za maji, akazichora mistari, zikawa vipimamvua. Akawapandisha wanafunzi mlimani.

"Hewa ikipata joto hubeba maji mengi zaidi," akawaeleza. "Ndiyo maana mvua za siku hizi huja kwa kishindo. Mkiona ardhi imepasuka na miti imeinama, msingoje."

Mwajabu alipima kila asubuhi. Aprili, chupa ikajaa siku nne mfululizo. Siku ya tano mwalimu alikuwa msibani Korogwe. Binti akapanda mlimani peke yake, akakuta ufa unaoweza kumeza mguu. Akateremka akibisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Mvua nimeiona tangu sijaota ndevu," babu yake, Mzee Shelukindo, akamwambia.

"Hii si ile uliyoizoea, babu. Twende shuleni, ng'ambo ya bonde. Nikiwa nimekosea, unichape."

Mzee akamtazama mjukuu wake anavyotetemeka. Akachukua fimbo yake, akatoka. Majirani walipomwona yeye anaondoka, wakafuata.

Alasiri mlima ukaporomoka. Nyumba kumi na tisa zikafunikwa. Hakufa mtu.

Kijiji jirani kikaleta mtamba mmoja wa ng'ombe mwenye mimba, apewe aliyewaokoa watu. Baraza likakaa.

"Apewe binti," akasema Mzee Shelukindo. "Kitabu hakikuja kunigongea mlango."

"Angejuaje bila mwalimu?" akauliza mama mmoja aliyepoteza nyumba.

Mwalimu Kaoneka akasimama. "Miaka sita niliiruka mada ile, nikijua ipo. Bi Zaina ndiye aliyenilazimisha."

"Mimi nilisema tu," akajibu Bi Zaina. "Huo ufa sikuuona, na maana yake nisingeijua."

Mwajabu alikuwa anamkatia mtamba majani.

Mwenyekiti akaona maneno hayaishi, akaomba watu wanyooshe mikono. Nawe umekaa pale barazani: mkono wako ungeunyoosha kwa nani, na kwa nini?