Mkwaruzo wa Pili

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Au midomo imejaa mihogo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, mikorosho ilipokuwa haina mwenyewe, paliondokea kindi mmoja mtoto, jina lake Mashavu. Aliishi na baba yake na mama yake juu ya mkorosho mkubwa.

Mashavu alitaka kitu kimoja tu: marimba. Marimba ya vipande vinane, aipige kwenye ngoma ya kufunga msimu. Akilala, marimba. Akiamka, marimba. Hata akila, kucha zinagonga tawi: ti, ti, ti.

Fundi wa marimba alikuwa Kigogota, ndege yule anayetoboa miti kwa mdomo. Na bei ya marimba yake moja ilikuwa tundu zima la korosho.

Sasa, kindi wana desturi yao. Hawahesabu. Mtoto akitaka kuweka akiba hupewa tundu lake mtini, na baba yake huchora mkwaruzo ukutani kwa ukucha. Korosho zikifika kwenye mkwaruzo, akiba imetimia. Na mkwaruzo haufutwi. Kindi aliyefuta mkwaruzo wake huchekwa mpaka anazeeka.

Baba Kindi akachora. Kwaru! Juu kabisa.

"Utafika?"

"Nitafika, baba."

Akaanza. Asubuhi anakwenda, mashavu matupu. Jioni anarudi, mashavu yamejaa, hata salamu haitoki. Anazitema tunduni, tu! tu! tu! Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Korosho zikapanda, zikapanda, zikapita nusu ya tundu.

Ndipo ukaja upepo. Vuuuu! Maua yote ya mikorosho yakapukutika. Tawi alilokalia Baba Kindi likavunjika, kwaa! Baba huyo chini, mguu umevunjika.

Mambo yakabadilika. Baba haendi tena kutafuta, anashinda tawini. Mama anatafuta peke yake, anarudi na korosho mbili, siku nyingine moja.

Jioni moja Mama akaja, anatazama chini. "Mwanangu, naona haya kukuomba. Tule kidogo kwenye tundu lako?"

"Chukua, mama."

Alisema kwa mdomo, moyoni analia. Msimcheke. Hata mimi ningelia.

Korosho zikashuka. Leo kidogo, kesho kidogo, zikabaki robo ya tundu. Mkwaruzo uko palepale juu, unamkodolea macho. Na ngoma imebaki wiki mbili.

Mashavu akawaza, akawaza, akawaza vibaya. Akaokota mawe. Akayapanga chini tunduni, akazimwaga korosho juu yake. Zikafika! Zikagusa mkwaruzo! Akamwita Fundi aje aone.

"Hodi!"

"Karibu, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Lo, tundu limejaa! Ngoja nionje ya chini, za chini ndizo kavu."

Kabla Mashavu hajafungua kinywa, Fundi akachomeka mdomo kwa nguvu zake zote.

Kong!

"Mama wee! Mdomo wangu! Mdomo wangu ndio tezo yangu, nitachongea nini?"

Mashavu akatamani mti ummeze. Baba Kindi akasikia, akaja anachechemea. Akatia mkono tunduni, akatoa jiwe. Akatoa jingine. Pu! Pu! Mawe yakaanguka chini mpaka yakaisha.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mkwaruzo haufutwi, baba! Na mimi nilisema nitafika!"

Baba Kindi akakaa kitako. Roho ilimuuma.

"Mkwaruzo ule niliuchora mimi," akasema, "siku nilipokuwa na miguu mizima, na mikorosho imejaa maua. Upepo ulipopita ningekuja hapa tukae, tutazame upya. Sikuja. Hilo kosa langu. Mawe ni kosa lako."

"Nisamehe, baba. Fundi, nisamehe."

Fundi akanung'unika tu, kashika mdomo.

Baba akanyoosha ukucha. Mashavu akashtuka. "Baba, unaufuta?"

"Siufuti. Ule ubaki."

Kwaru! Akachora wa pili, chini ya ule wa kwanza, juu kidogo ya korosho zilizobaki. "Huu unaweza kuufikia kabla ya ngoma, huku na sisi tukila?"

Mashavu akapima kwa macho, polepole. "Huu naweza."

"Fundi, huu unatoa nini?"

Fundi akasugua mdomo wake, akaona haukuvunjika. "Vipande vitatu. Nitaviweka kwenye fremu ya vinane. Nafasi tano zitabaki wazi."

"Watanicheka," akasema Mashavu.

"Watakucheka," akasema Fundi, hakumficha. "Lakini utapiga."

Siku ya ngoma ikafika. Mashavu akatoka na marimba yake yenye mapengo. Nyani akaangua kicheko, wengine wakafuata. Mashavu akapiga. Ting, tang, tong... kisha pengo. Kimya. Mkono ukamganda hewani.

Baba Kindi, mguu kaunyoosha pale mbele, hakuvumilia. Akapiga makofi palipokuwa wazi. Pa! Pa!

Mashavu akarudia. Ting, tang, tong, Pa! Pa! Mama akadaka. Wote wakadaka. Nyani ndiye aliyepiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Uwanja ukatifuka vumbi.

Msimu uliofuata maua yakarudi, mguu wa Baba ukapona, korosho zikagusa mkwaruzo wa kwanza. Fundi akaziba mapengo yote matano. Mashavu akaenda ngomani, akapiga vipande vyote vinane, vizuri hasa. Lakini wanyama wakatazamana.

Nyani akanyoosha mkono. "Na sehemu yetu sisi iko wapi?"

Mashavu akamtazama baba yake. Akacheka. Akachomoa vipande viwili, akaviweka kando, akaanza upya.

Ting, tang, tong, Pa! Pa!

Basi sikilizeni, wakubwa na wadogo. Mambo yakibadilika, kaeni na mtoto mtazame lengo lake upya, mlishushe mchana kweupe. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kujaza mawe tunduni.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mkorosho. Atakayepita aangalie asijikwae, mawe ya Mashavu yangalipo.