Mfereji wa Nakiete

Mlisikia leo kabla hakujapambazuka: jembe likikwaruza sakafu nyuma ya mlango. Ni babu yenu alikuwa anatoka kwenda kuzibua mfereji, na akivaa viatu akasema kama asemavyo siku zote, "Maji hayadai, mfereji hudai." Mmeniuliza neno hilo lilitoka wapi. Sogeeni motoni. Methali hii ilianza hivi.

Wakati ule nguzo za umeme zilikuwa hazijapanda huku kwetu Upare. Nyumba moja tu ilikuwa na taa za umeme, ya mjane aitwaye Nakiete. Marehemu mumewe alichonga gurudumu la mbao, akalitega kwenye mfereji unaopita nyuma ya nyumba, na mkanda wa gurudumu ukazungusha dainamo kuukuu. Alipofariki, Nakiete aliona haya kukaa kwenye mwanga peke yake. Akawavutia majirani nyaya, kila nyumba taa yake moja. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni. Nilipata taa hiyo, nikaacha kununua mafuta ya taa.

Mwanzoni kila nyumba ilitoa kidogo cha kununulia grisi na mkanda. Kisha jirani yetu Kiondo, mtu wa maneno mengi, akaanza mzaha: "Shemeji, unatuuzia maji ya Mungu? Mafuta ya taa yana mwenye duka. Maji yanamdai nani?"

Watu wakacheka. Nakiete hakuwa mgomvi. Akaacha kuomba mchango.

Sasa, mfereji wa mashamba ulikuwa na msaragambo wake. Pembe ikipulizwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Lakini kile kipande cha nyuma kwa Nakiete hakikunywesha shamba la mtu yeyote, kwa hiyo pembe haikupulizwa kwa ajili yake. Akakizibua mwenyewe kila alfajiri, mchanga na majani. Mkanda ukilika, aliuza kuku akanunua mwingine. Sisi tulilisikia jembe lake tukiwa kitandani, tukajigeuza upande wa pili. Alichoka, wajukuu zangu, uchovu ule usiolalamika.

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Goti lake likavimba, asiweze kushika jembe. Jioni taa zetu zikafifia, zikazimika. Kulipokucha tukaenda kwake, Kiondo mbele.

"Shemeji, tumelala gizani! Kwani maji yamekauka?"

Tulimkuta ameketi kwenye kigoda. Kando yake palikuwa na gunia, na ndani ya gunia dainamo.

"Hayajakauka," akasema. "Hebu nyamazeni msikilize."

Tukanyamaza. Maji yalikuwa yanafurika juu ya mchanga, yanateremka bure kwenye mihogo.

"Yapo, tena leo ni mengi kuliko jana. Maji hayadai, shemeji. Mfereji ndio unaodai, na miaka yote hii umenidai peke yangu. Siku ya soko nauza hii dainamo. Nataka nami nilale mpaka kuche."

Mke wa Kiondo, jina lake Namsifu, alikuwa ameshapiga magoti, anamkanda lile goti kwa maji ya moto. Hakumgombeza mumewe. Aliuliza tu, "Baba, pembe iko wapi?"

Kiondo akaenda kuichukua. Akarudi, akaipuliza pale pale uani, mahali ambapo haikuwahi kulia, kisha akashika jembe la Nakiete.

"Leo naanza mimi," akasema.

"Vua viatu kwanza," Nakiete akamjibu. "Maji ya Mungu yana matope."

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu tuingie.

Jioni ile Nakiete aliitoa dainamo guniani, tukaifunga mahali pake, taa zikawaka. Tukapangiana zamu za kuzibua, na grisi na mkanda vikarudi kuwa vya wote. Nguzo zimekuja, na gurudumu lile bado linazunguka. Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu, ndiyo maana babu yenu alitoka na jembe. Maji hayadai, mfereji hudai.

Lakini mimi nikilisikia lile jembe, namkumbuka Nakiete jioni ile, ameegemea mlango wake, sisi tunaondoka na miguu yetu ya matope.

"Njooni tena," alituambia. "Njooni hata taa ikiwa inawaka."