Pimbi na Moshi Ambao Haujatoka

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Nitasema polepole, nanyi sikilizeni polepole.

Mwaka siukumbuki. Siku naikumbuka. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi. Saa hiyo Bi Zawena, mke wa Mzee Pimbi, alikohoa mara ya mwisho. Koho! Koho! Kisha kimya.

Zamani hizo, kabla milima haijapewa majina, Pimbi na majirani zake waliishi katika mapango tisa kando ya mto. Ndani mlikuwa na giza hata mchana. Waliwasha vibatari. Vibatari vikatoa moshi, moshi ukaingia vifuani. Kila pango, koho! koho!

Fisi Maji aliwahi kuona kitu huko chini mtoni. Alisema, "Ukiweka gurudumu kwenye maporomoko, maji yanalizungusha, na taa zinawaka bila moshi." Kwa hiyo, Jumanne ile, kabla ya kikohozi cha mwisho, Pimbi alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Gurudumu hilo nitalijenga. Hata kwa meno yangu nitalijenga." Bi Zawena akaitikia kwa kichwa. Akaenda zake kwa Mola.

Pimbi akabaki na mjukuu wake, Tunu. Na Tunu naye ameanza. Koho! Koho!

Pimbi akasali. Akaanza kubeba mawe. Puu! Puu! Mvua za masika zikaja, zikayasomba. Akaanza tena. Puu! Puu!

Siku moja mchana akatua Korongo, kitabu kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Miguu yote hiyo inatoka wapi?"

"Inatoka kwa Tembo, ng'ambo ya milima. Tembo wanachoma matofali. Moshi wao umefunika mbingu. Sasa wamekubaliana hivi: ambaye hawezi kupunguza moshi wake, amlipe mwingine apunguze wa kwake. Ukijenga gurudumu, vibatari vitazimwa. Tembo watakulipa kwa moshi huo."

"Na moshi wao?"

"Unabaki."

"Kwa hiyo wananunua nini?"

"Wananunua moshi wenu ambao haujatoka."

Pimbi akatikisa masikio. Hakuelewa.

"Mwanangu, moshi ambao haujatoka utaubeba kwenye nini?"

"Kwenye karatasi."

Kicheche, jirani wa pango la tatu, akaanguka chini kwa kicheko. "Mzee! Kuni tumeuza, asali tumeuza, leo tunauza kisichokuwepo! Uza upesi kabla hajashtuka!"

"Na malipo ni nini?" akauliza Bi Kanu, mama wa watoto watatu. Yeye hakucheka.

"Gurudumu la chuma," akasema Korongo. "Nyaya. Na taa tisa, moja kwa kila pango."

Majirani wakapiga vigelegele. Bi Kanu akafunika uso, akalia.

Korongo akafungua kitabu. Akahesabu vibatari. Akapima maji. Akaandika, akaandika. Kisha akasema, "Limebaki swali moja. Mzee, nijibu kweli. Tusipokulipa, gurudumu hili utalijenga?"

Vigelegele vikakoma.

"Sema hapana," Kicheche akanong'ona.

"Hapana, mzee," akanong'ona Bi Kanu. "Neno dogo tu."

Pimbi akatazama mawe yake. Akaukumbuka mkono wa Bi Zawena, jinsi ulivyokuwa mwepesi Jumanne ile. Akisema hapana leo, alichomwambia marehemu kilikuwa nini?

"Nitalijenga," akasema.

"Hata tusipokupa kitu?"

"Hata msiponipa."

Pa! Korongo akafunga kitabu. "Basi hatuwezi kukulipa, mzee wangu. Tembo hulipia kazi ambayo bila wao isingefanyika. Kama wewe utajenga tu, moshi wako utaisha tu. Wao watakuwa wamepunguza nini?"

Pimbi akatikisa masikio. "Ningekuwa mwenye kukata tamaa, ningelipwa?"

"Ungelipwa."

"Kwa kuwa sikati tamaa, silipwi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kaandika nani?"

"Mzee, hata mimi nimekabidhiwa tu kitabu."

Akakunjua mabawa. Faa, faa, faa. Akaenda.

Loo, ndugu zangu, siku hiyo! "Mtakatifu mkubwa wewe!" Kicheche akafoka. "Nenda kaule utakatifu wako!" Bi Kanu hakufoka. Alisema tu, "Watoto wangu wanakohoa kama Tunu wako, mzee." Maneno hayo yalimchoma Pimbi kuliko matusi. Akaingia pangoni, akapiga magoti. Aliomba nini, mwenyewe hakujua. Hakujua kama ametenda haki, au ameua.

Asubuhi akarudi mtoni. Puu! Puu!

Siku ya nne Bi Kanu akaja, jiwe kichwani. "Sijakusamehe," akasema. "Hili niliweke wapi?"

Siku ya sita akaja Fisi Maji, na nyaya na taa kuukuu za huko chini mtoni. Siku ya tisa akaja Kicheche, akinung'unika njia nzima. Chuma hawakuwa nacho. Wakatafuna gogo kwa meno, kri, kri, kri, hadi likawa gurudumu. Lilikuwa dogo, limepinda upande. Wakaliweka majini. Gwi, gwi, gwi! Likazunguka.

Likawasha taa moja.

Wakaiweka katika pango la Pimbi, watoto wote wakahamia humo kulala. Kikohozi cha Tunu kikapungua. Wakubwa wakabaki na vibatari vyao.

Mwaka ukapita. Korongo akatua tena.

"Shikamoo, mzee. Unaona? Niliandika kwamba mtajenga bila sisi. Niliandika kweli."

"Marahaba. Kweli kabisa."

"Mbona taa ni moja?"

"Ndiyo tuliyoiweza bila ninyi."

"Na mapango manane?"

"Yasikilize."

Korongo akasikiliza. Koho! Koho! Akafungua kitabu, atafute mahali pa kuliandika hilo. Akafunua huku, akafunua kule. Hakupaona.

Korongo akatikisa kichwa. Hakuelewa.

Basi, wadogo kwa wakubwa, fundisho ni hili: ahadi uliyompa marehemu haiuzwi. Na anayetenda jema bila kulipwa, msiseme kwamba hahitaji msaada. Hapa ndipo ngano yangu inapotua mzigo wake.

Inamisheni vichwa. Ee Mola, mrehemu Bi Zawena. Warehemu wote waliotutangulia wakikohoa, na yule ninayemtaja moyoni. Uwalaze pema, penye mwanga, pasipo moshi. Amina.