Zimwi na Mbegu za Kishonanguo

Nyamazeni, niwatajie waliokuwapo. Alikuwapo Mamkunde, mjane mwenye shamba la mahindi. Na alikuwapo zimwi mwenye manyoya hadi visiginoni, aliyetoka msituni na njaa.

“Bibi, leo nakula wewe,” alisema zimwi.

Mamkunde alimwonyesha kishonanguo, gugu lililojaa shambani kwake. “Nile, baba. Lakini kwetu mtu hafi akaacha palizi. Kishonanguo kikiisha, na mvua ikinyesha kisiote tena, nitaingia chunguni mwenyewe.”

“Vijani hivi? Bandika maji jikoni!”

Siku ile zimwi aling'oa kwa mikono. Mvua ikanyesha, kishonanguo kikaota. Akalima kwa jembe. Mvua ikanyesha, kikaota. Akakichoma moto, mvua ikanyesha, kikaota.

“Una uchawi, bibi!”

“Uchawi niupate wapi, baba? Palilia.”

Mamkunde alikuwa ameona. Kila mara zimwi alipopita kwenye magugu, mbegu nyembamba zenye vimeno zilimng'ang'ania manyoyani. Kila alipojikuna kwa jasho, zilidondoka shambani. Aliyekuwa akizing'oa ndiye aliyekuwa akizipanda.

Basi akapalilia, akapalilia, akapalilia. Ghala la Mamkunde likajaa miaka yote, kwa kuwa hapakuwa na shamba lililotunzwa kama lake. Kila asubuhi bibi alimpelekea zimwi uji, nao wakazoea kutaniana.

“Bado mnene, bibi?”

“Bado, baba. Na wewe bado hujamaliza.”

Asubuhi moja ya vuli Mamkunde alifika na uji. Jembe lilikuwa limelala katikati ya kishonanguo. Zimwi alikuwa amekufa kwa uzee, mbegu zingali manyoyani.